Moyo wa Mtoto na Fimbo ya Mwalimu

Msafiri atokaye Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya kando ya ziwa, akipita Makobola, Mboko na Lusenda, hukuta mbele ya shule nyingi kibao chenye alama ya shirika lililotoa msaada. Kibao chasimulia mabati, madawati, choo au kisima. Hayo yaonekana kwa macho, na mwenye kutaka kuyahesabu aweza kuyahesabu. Lakini tangu miaka kadha imeingia shuleni kazi nyingine isiyohesabika upesi: kumfunza mtoto kutuliza hasira, kutaja uchungu wake na kupatana na wenzake, tena kumfunza mwalimu kumwongoza mtoto pasipo kumtisha. Wenye kazi hiyo huiita malezi ya moyo na ya jamii. Nao hutuambia kwamba ni kinga, kama vile chanjo ilivyo kinga: mtoto aliyelelewa hivi mapema hatakuwa mpigaji kesho, wala hatavutwa upesi na wenye bunduki.

Twataka leo kuipima kazi hiyo. Hatutaki kuidharau, maana shabaha yake ni njema. Wala hatutaki kuisifu kwa sababu tu imekuja na magari mazuri. Twauliza jambo moja: je, yamfikia mtoto mwenyewe? Tena ikiwa haimfikii, imekwama wapi? Jibu letu tutalisema mapema, ili msomaji aweze kulipima njiani. Twaona kwamba mipango mingi ya namna hii yamtwika mwalimu peke yake mzigo ambao ni wa shule nzima, wa wazazi na wa serikali. Mwalimu huyo akishindwa, watu husema moyo wake ni mgumu. Kumbe mzigo ulipimwa vibaya tangu mwanzo.

Kwa nini kazi hii ni ya lazima kwetu

Fizi si nchi iliyopigwa mara moja. Wazee wakumbuka uasi wa 1964. Mwaka 1996 vita ya AFDL ilianza katika milima ya kwetu, nao vijana wadogo waliotiwa katika jeshi lile wakaitwa kadogo, jina ambalo hata leo halijasahauliwa. Mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 watu mamia waliuawa Makobola. Maelfu walivuka ziwa wakaenda Kigoma, na wengi wao wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Tangu 2005 meli zilianza kuwarudisha watu bandarini Baraka. Siku ya kwanza ya mwaka 2011 wanawake wengi wa mji wa Fizi walinajisiwa na askari, na mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi iliketi Baraka ikawahukumu baadhi yao. Mwaka 2015 Warundi walikuja wakikimbia, wakapokewa Lusenda. Tangu 2017 moto umewaka tena kule juu, upande wa Minembwe na Itombwe. Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na hofu ikashuka kusini pamoja na wakimbizi.

Hatuyataji hayo ili kufukua makaburi. Twayataja kwa sababu yameketi darasani. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua haingii shuleni akiyaacha mlangoni kama mtu aachavyo viatu. Mmoja hushtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Mwingine husinzia, kwa kuwa usiku halali. Wa tatu hapigi kelele wala hajibu neno. Wa nne hupigana kila siku kwa ajili ya kalamu. Mwalimu atazama, aona ukaidi, uvivu, kiburi; kisha achukua fimbo. Yule mtoto, ambaye amekwisha kujifunza kwamba mkubwa ni mtu wa kuogopwa, asadiki zaidi. Siku moja haji tena. Mvulana atakwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, au msituni kwa wenye silaha. Msichana ataolewa kabla ya wakati. Hapo ndipo tunapoona kwamba neno hili si la anasa. Kwa mtoto wa Fizi, namna mwalimu anavyomtazama asubuhi yaweza kuamua kama atabaki shuleni au la.

Tuseme na jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa. Mwalimu mwenye miaka thelathini na mitano hivi leo alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita ya 1996 na ya 1998. Huenda alisomea kambini, huenda alirudi kwa meli. Naye ana usiku wake. Twamwomba aponye watoto, wala hatujamwuliza kama yeye amepona.

Darasa liponyalo

Mpango unaojulikana zaidi katika Kongo ni ule wa shirika la IRC, uliozaliwa 2004, ambao jina lake kwa lugha yetu lingekuwa Darasa Liponyalo. Mawazo yake ni haya. Mtoto wa vita ahitaji kwanza shule yenye utaratibu: ajue leo kutakuwa na nini na kesho kutakuwa na nini. Ahitaji mwalimu amjuaye kwa jina. Ahitaji kuona kwamba anaweza kitu, na kwamba yeye ni mmoja wa kundi. Basi, hakuletwi daktari wa akili kutoka mbali wala somo jipya la pekee. Malezi ya moyo yatiwa ndani ya kusoma na kuhesabu. Walimu hukutana kwa vikundi, husaidiana, hutengeneza masomo pamoja.

Twasifu fikira hiyo. Ni ya busara kuliko ile ya kumtenga mtoto mwenye huzuni na kumtia katika chumba cha peke yake. Mtoto wa kwetu hataki kuitwa mgonjwa. Kumfunza kusoma vizuri, kwa sauti ya upole, katika darasa lisilo na vitisho, ni dawa ambayo hakuna atakayeicheka.

Je, matunda? Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na Lawrence Aber, waliupima mpango huu katika Katanga. Waligawa shule kwa kura: zingine zianze mara moja, zingine zingoje, kisha wakalinganisha watoto wa darasa la pili hadi la nne. Baada ya mwaka mmoja watoto wa shule zilizoanza walisoma vizuri kidogo kuliko wenzao. Walisema pia kwamba shule na walimu wao wanawajali zaidi. Hayo si madogo. Lakini katika huzuni yenyewe ya mtoto, na katika kuonewa na wenzake, hakukuonekana badiliko la wazi kwa watoto wote pamoja.

Nalo neno la walimu lilikuwa la namna mbili. Walimu wasio na miaka mingi ya kazi waliongezeka bidii. Walimu wanawake walipungukiwa na furaha ya kazi yao. Hili la wanawake tulitafakari, maana halikutarajiwa: mpango wa kuponya wamwongezea mwalimu uchovu! Sisi twaona sababu haiko mbali. Mwalimu mke wa kijijini akitoka darasani aenda shambani kwa muhogo, kisha mtoni kwa maji, kisha jikoni. Ukimwongezea mkutano wa jioni, vitabu vya kusoma na masomo mapya ya kutengeneza, lakini usimwondolee hata ndoo moja, umemlemea. Mpango uliomjali mtoto ulimsahau anayemlea mtoto.

Habari ya Nyarugusu

Sasa tuvuke ziwa. Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ni kama mtaa mwingine wa Fizi. Wabembe wengi wamezaliwa huko, na kwa miaka mingi shule za Wakongo kambini zilifuata mtaala wa Kongo. Huko IRC ilijaribu mpango mwingine, uitwao EmpaTeach, na shabaha yake ilikuwa moja tu: kupunguza fimbo. Walimu walikutana kwa vikundi kwa muda wa majuma kumi hivi. Hawakuletewa fundi kutoka nje; waliongozwa na wenzao, wakifuata kitabu. Walikumbuka walivyokuwa watoto, walijizoeza kutuliza hasira kabla ya kutenda, walijifunza njia nyingine za kutunza nidhamu, kisha walipanga watakavyozitumia.

Mpango ule ulikuwa na adabu. Haukumtukana mwalimu wala kumwita mkatili. Ulimtendea kama mtu mzima awezaye kufikiri. Nao ulipimwa vema, kwa kura, katika shule 27, na habari zake zilitangazwa 2021. Jibu lilikuwa kavu: katika kipimo kikuu, yaani wanafunzi kupigwa na waalimu, hakukuonekana tofauti kati ya shule zilizofanya mpango na zile zilizongoja.

Twawasifu waliotangaza jibu hilo pasipo kulipaka sukari. Wengi wangelificha kabatini. Lakini yatupasa kuuliza: kwa nini? Walimu wale walisoma, walikutana, walijadiliana. Basi mbona fimbo haikuanguka?

Msomaji ajaribu kulitazama darasa lenyewe. Watoto wamejaa hata dirishani. Vitabu havitoshi. Mwalimu ameelewa vema kwamba hasira si njia. Ameandika hivyo katika kitabu chake. Lakini kelele yazidi, mwenzake wa chumba cha pili apiga, na mzazi apitaye njiani amwambia, "Mwalimu, mchape huyo, ni wako." Yeye peke yake ashushe fimbo? Watoto watasema darasa lake ni la mchezo. Wenzake watasema hana nguvu. Nia yake njema yakutana na ukuta kila siku, na ukuta haubomolewi na nia ya mtu mmoja. EmpaTeach ilibadili mawazo ya mwalimu juma kwa juma, lakini shule iliyomzunguka ilibaki vile vile. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na twaitoa kama hukumu ya msomaji, maana kambi ina taabu nyingi nyingine ambazo huenda nazo zilizuia.

Habari ya Luwero

Twende Uganda, wilaya ya Luwero, ambayo nayo ilionja vita katika miaka ya 1980. Huko shirika la Raising Voices lina mpango wa Shule Njema. Ulipimwa katika shule za msingi 42, kwa kura vilevile, kwa muda wa miezi 18, kati ya 2012 na 2014. Mwishoni watoto waliosema kwamba wamepigwa na mtu wa shule katika juma lililotangulia walikuwa 31 katika mia kwa shule zenye mpango, na 49 katika mia kwa shule zilizongoja. Fimbo haikutoweka, lakini ilipungua sana.

Tofauti iko wapi? Luwero hawakuanza na mwalimu peke yake. Walianza na shule. Mkuu wa shule alikubali kwanza. Walichaguliwa walimu wawili wa kuongoza, na wanafunzi, na watu wa kijiji. Shule ilijiwekea lengo lake yenyewe. Kulikuwa na hatua sita na mazoezi kama sitini, makubwa na madogo: kuandika sheria za shule pamoja na watoto, kubandika ukutani habari ya waliotenda vema, kuweka sanduku la maoni, kuwapa wanafunzi baraza la kuamua makosa madogo. Hivyo mwalimu aliyeacha fimbo hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa akifuata kawaida mpya ambayo mkuu wake aliijua, mzazi aliisikia, na mtoto aliweza kuitaja.

Lakini tusiwe wepesi wa kushangilia. Mpango wa Luwero haukuonyesha badiliko katika afya ya moyo ya watoto wala katika alama zao za masomo. Fimbo ilipungua, huzuni haikupungua. Basi kuondoa pigo ni jambo moja, na kuponya jeraha ni jambo la pili. Anayeahidi yote mawili kwa mpango mmoja aahidi mno. Tena Uganda ilikuwa na msaada wa sheria: wizara yao ilikataza fimbo shuleni tangu 1997, na sheria ya watoto ya 2016 ikalithibitisha katazo hilo. Mwalimu wa Luwero alijua serikali iko upande gani.

Na habari moja zaidi, ambayo yatutisha kidogo. Watoto wa Luwero walipoulizwa kwa utaratibu na kwa siri, mengi yalitoka vinywani mwao, hata 434 kati yao ikabidi wapelekwe kwa wenye kazi ya kulinda watoto. Ndivyo ilivyo: ukifungua mlango wa moyo wa mtoto, usidhani kitatoka kicheko tu. Mwenye kuanzisha kazi hii lazima awe amekwisha jua, kabla ya siku ya kwanza, atampeleka wapi mtoto atakayesema neno zito.

Tupime mambo ya kwetu

Sasa turudi Fizi na Baraka na kipimo hiki mkononi. Twaona mambo matano.

Kwanza ni tumbo la mwalimu. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure. Wazazi walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini falanga za wazazi zilizomwongezea mwalimu riziki zilikatika, watoto wakajaa madarasani, na walimu wengi walikuwa hawajaandikwa bado katika orodha ya mshahara. Mwanzo wa mwaka wa masomo 2024 walimu wengi katika Kivu walikataa kuingia darasani wakidai mshahara wa kutosha. Basi mtu huyu aliyelala bila chakula aitwa kwenye mafunzo ya siku tatu, afundishwa kutabasamu na kupumua polepole. Je, si dhihaka? Hatusemi mwenye njaa apewe ruhusa ya kumpiga mtoto, la, hasha. Twasema ya kwamba mpango wowote wa moyo usiotaja mshahara wajenga kwenye mchanga wa ziwa. Shirika haliwezi kulipa walimu wa nchi nzima, twajua. Lakini laweza kusema wazi mbele ya wakubwa, katika taarifa zake, kwamba hili ndilo tundu la mtumbwi.

Pili ni direkta na kamati ya wazazi. Katika Kongo, kwa mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi ni za serikali lakini zaongozwa na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu. Kila shule ina direkta wake, ina kamati ya wazazi na kamati ya uongozi, na juu yao kuna wakaguzi. Vyombo vipo. Lakini mara nyingi mafunzo huwaita walimu wawili watatu, kisha huwarudisha shuleni kwa direkta ambaye hakusikia kitu, na kwa wazazi ambao hawakuulizwa. Hivyo ndivyo tunavyotengeneza Nyarugusu ndogo katika kila kijiji. Afadhali shule tano zinazofanya kazi hii zote nzima, kutoka direkta mpaka mlinzi wa lango, kuliko shule hamsini zenye walimu wawili wawili wenye vyeti.

Tatu ni lugha. Mafunzo mengi huja kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha ofisini. Mtoto wa Abeka au wa Kazimia ana maneno yake ya moyo: hasira, aibu, wivu, uchungu, huruma, uvumilivu, na yale ya Kibembe aliyonyonya pamoja na maziwa. Ukimfunza kutaja uchungu kwa lugha ambayo hailii nayo, umemfunza kukariri. Sheria ya elimu ya Februari 2014 yaruhusu lugha zetu katika miaka ya kwanza ya shule, na mradi wa ACCELERE, uliofanya kazi 2015 hadi 2020, ulichapa vitabu vya kusoma kwa Kiswahili. Njia iko wazi. Kwa nini vitabu vya malezi ya moyo visiandikwe kwa lugha hiyo hiyo?

Nne ni malezi yetu wenyewe. Wabembe wana lubunga, pale wanaume wanapoketi, pale kesi husemwa polepole, pale kijana hukaa kando akisikiliza jinsi mkubwa anavyojizuia kujibu tusi. Hakuna kitabu kilicholeta jambo hilo kutoka ng'ambo. Mtu apigwaye kwa maneno katika lubunga hangoji ngumi. Angoja zamu yake ya kusema. Twaona ajabu kwamba mipango hii yatumia mchana mzima kueleza duara la walimu kana kwamba watu wa hapa hawajapata kuketi katika duara. Lakini tuseme kweli yote: lubunga ni mahali pa wanaume. Wasichana na mama zao walisikia hukumu kwa mbali. Basi shule yaweza kuazima desturi hiyo na kuitengeneza, ili katika baraza la darasa msichana aseme kama mvulana asemavyo, na mwalimu mke aongoze kama mwalimu mume.

Tano ni jirani. Hili ndilo gumu, na mipango mingi hulipita kwa kunyata. Mtoto hufunzwa darasani kumhurumia mwenzake wa dawati moja. Jioni, nyumbani, asikia kwamba watu wa kabila fulani si watu: Mbembe asikia hivyo juu ya Mnyamulenge, Mnyamulenge juu ya Mbembe, na Mfuliru na Mnyindu nao wana yao. Huruma inayokoma mpakani mwa kabila ni huruma ya nusu. Twajua mwalimu akilitaja neno hili aweza kupata hatari. Ndiyo sababu tena hawezi kulitaja peke yake. Lakini direkta, wazee, wazazi na viongozi wa dini wakisimama pamoja, neno laweza kusemwa. Lusenda tumeona watoto wa Kirundi na wa Kikongo wakisoma katika shule za pamoja. Haikuwa rahisi, lakini haikuwa ndoto.

Wanaotetea fimbo

Hatuwezi kumaliza pasipo kuwajibu ndugu zetu wasemao, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Methali hiyo twaikubali. Lakini yasema nini? Yasema usiogope machozi ya mtoto unapomkataza lililo baya. Haisemi kwamba machozi lazima yatoke kwa fimbo. Mtoto hulia pia anyimwapo mchezo, arudishwapo kufanya kazi aliyoharibu, aombwapo kumwomba radhi mwenzake mbele ya wote. Tena wale wasemao fimbo ni desturi ya mababu na wakumbuke kiboko cha Bula Matari. Wazee wetu walichapwa hadharani mbele ya watoto wao, nasi hatujasikia mtu akisema kwamba kiboko kile kiliwafanya wema zaidi. Mengi tunayoyaita desturi tuliyapokea kutoka mkono wa aliyetudharau.

Wako na wengine wasemao kinyume: kwamba vipimo vimeonyesha mipango hii haina faida kubwa, basi iachwe, fedha ziende kwenye mabati. Nao hatukubaliani nao. Katanga watoto walijiona wanajaliwa, wakasoma vizuri kidogo. Luwero fimbo ilipungua. Mkulima ambaye mbegu yake ilishindwa penye mawe haachi kulima, huchagua shamba.

Nalo shamba sasa latutegemea zaidi kuliko jana. Fedha nyingi za mipango hii zilitoka Marekani. Mwezi wa Januari 2025 zilisimamishwa, na Julai 2025 shirika la USAID lenyewe lilifungwa. Kazi nyingi zilikatika katikati ya mwaka. Hasara hiyo ni kubwa, hatutaki kuipunguza kwa maneno. Lakini imetufunulia jambo: kilichokuwa cha shule nzima kilibaki, na kilichokuwa cha mradi kiliondoka na magari. Sheria za darasa zilizoandikwa na watoto wenyewe hazihitaji dola. Direkta akisema, "Katika shule hii hatupigi," kisha akawaketisha wazazi akawaeleza sababu, hahitaji ruhusa kutoka ng'ambo. Mwalimu akijua jina la kila mtoto, na akimwuliza aliyekosa jana, "Ulikuwa na nini?" kabla ya kumwuliza, "Kwa nini?", hahitaji cheti.

Basi, wapenzi, hukumu yetu ni hii. Mpango wa malezi ya moyo ni mwema kwa nia, ni wa busara katika kuunganisha moyo na masomo, lakini umepungukiwa kila mara ulipomchukua mwalimu peke yake na kumwacha direkta, mzazi, mshahara na lugha. Wanaokuja tena na wapimwe kwa swali hilo kabla ya kupewa funguo za darasa: mmekuja kwa mwalimu, au mmekuja kwa shule? Nasi tulio hapa Baraka, Fizi, Mboko na Kazimia tusingoje kibao kipya. Kamati ya wazazi ikutane kabla ya mvua kuanza, direkta awe kati yao, walimu wanawake wasemao machache wapewe nafasi ya kusema mengi, na neno la kwanza katika mkutano huo liwe juu ya fimbo iliyoko nyuma ya mlango wa darasa: ni nani aliyeiweka pale, na ni nani atakayeiondoa.